Relei ya laini ya 33 kV imetripu usiku, nikafuta taa kabla ya kusoma. Wajuzi wa paneli ya mbele njooni

KijanaWaShangani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mtwara, wiki ya tatu kwenye kituo kimoja cha kupozea umeme, msiniulize kipi. Chuoni relei (chombo kinachoilinda laini na kuiamuru breka ikate) niliyofundishwa ni ile ya kisahani, inayozunguka kwa sumaku na kuangusha kibendera. Hapa nimekuta ya kidijiti: kioo kidogo, safu ya taa, vitufe vya mishale, kitufe chenye herufi C, tundu la kuchomeka kompyuta. Nikaonyeshwa kwa dakika tano, "hii ndiyo relei ya laini, ikiwaka nyekundu unafuta hapa," basi.

Usiku wa kuamkia jana nilikuwa zamu. Saa nane na dakika kumi na nne taa za chumba zikafifia, nje breka ikapiga. Kimya. Kama sekunde tano hivi, ikajirudisha yenyewe, haikumaliza hata sekunde moja ikapiga tena. King'ora kikaanza. Wakuu, ukiwa peke yako na mlinzi aliyelala, king'ora kile kinakoroga akili. Nikakinyamazisha, nikaenda kwenye relei, nikakandamiza C mpaka nyekundu zote zikazimika. Akilini mwangu nimeshatengeneza. Nikarudisha breka kwa mkono. Paa! Ikatoka. Nikafuta tena.

Nikampigia injinia. Maswali yake matatu: taa gani ziliwaka, fezi ipi, kilomita ngapi? La kwanza sikukumbuka, la pili sikujua, na la tatu sikujua hata kama relei ina habari za kilomita.

Vijana wa laini wakatoka alfajiri na pikipiki, wakakagua nguzo moja moja, umeme ukarudi saa tisa alasiri. Mama anayeniuzia pweza friza yake iko kwenye laini hiyo hiyo. Leo kanipimia, kapokea hela, salamu hakuna.

Naomba mnifundishe kuusoma uso wa kitu hiki kuanzia chini kabisa.

MtaniWaMsimbati

Nimetandika mkeka, ming'oko ipo, chai ya rangi ipo. Waje wenye relei zao.

MzeeWaBreka

Pole mwanangu. Kwa aliyefanya kazi hii, ulichofanya si kigeni. Nami nimewahi kufuta nikiwa mkubwa wa zamu, sembuse wewe wa wiki tatu.

Anza na taa ya kijani kabla ya nyekundu. Karibu kila relei ya kidijiti ina taa chache za kudumu, na pembeni safu ya taa ambazo mhandisi amezipangia kazi mwenyewe. Za kudumu kwa kawaida ni kijani ya kusema niko hai na najikagua, njano ya kusema nimeona kitu au kuna tahadhari, na nyekundu ya kusema nimetoa amri ya kukata. Ila hazifanani kila mahali. Kwenye relei za MiCOM utakuta nne: nyekundu ya kukata, njano ya tahadhari, njano nyingine ya kusema relei iko nje ya kazi, na kijani ya uzima. Kwenye relei za ABB za familia ya 670 ni tatu, na kijani ikipepesa badala ya kutulia ujue relei ina hitilafu ndani yake yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuniamini mimi, tafuta kitabu cha relei yako. Kipo, mara nyingi kimefungiwa kabati la chini na panya wameshakionja.

Kwa nini kijani kwanza? Niliwahi kupokea zamu mahali, nikakuta kijani imezimika. Namuuliza niliyempokea, ananiambia, "Hiyo taa imeungua, ina siku mbili." Haikuungua. Fyuzi ya umeme wa betri, ule wa 110 V DC, ilikuwa imekatika, na siku mbili zote laini ilikuwa haina mlinzi. Waya ungeanguka barabarani ungebaki unawaka mpaka breka ya nyuma ione, kama ingeona. Tangu siku hiyo nikiingia chumbani macho yanakwenda kwenye kijani kabla hata sijavua kofia. Na kila zamu nilibonyeza jaribio la taa: zote ziwake kwa pamoja. Isiyowaka ndiyo unaweza kuiita imeungua.

Sasa zile za kupangwa. Pembeni yake pana vijikaratasi. Mara nyingi utakuta namba tu, na namba hizo ndizo lugha ya watu wa kinga dunia nzima. 50 ni mkondo kuzidi, anakata papo hapo. 51 ni mkondo kuzidi, anasubiri kidogo kulingana na ukubwa. Ukiona N mwishoni, ni ardhi. 67 anaangalia na mwelekeo. 21 ni wa umbali, huyo utamkuta zaidi kwenye laini za 132 na 220 kV. 79 ndiye aliyerudisha breka baada ya zile sekunde tano zako. 86 ni kufuli: akishakaa, breka hairudi mpaka mtu amwachie kwa mkono, na amewekwa hivyo makusudi ili mtu afikiri kwanza.

Taa nyingi za nyekundu zinashikilia, yaani hitilafu ikipita zenyewe zinabaki zinawaka zikikusubiri wewe. Zinakusubiri usome. Ukishabonyeza C zimekuaga.

FundiNyaya

Mzee heshima yako, lakini tusimtishe kijana. C inafuta taa tu. Matukio yote yamebaki ndani ya kumbukumbu, na rekodi ya mawimbi imebaki. Akachomeke kompyuta asubuhi avute kila kitu. Hakuna kilichopotea hapo.

MzeeWaBreka

Kilichopotea ni saa kumi na mbili na ushee, kuanzia saa nane usiku mpaka saa tisa alasiri. Huyo mama wa pweza hana habari na kumbukumbu ya ndani.

Halafu kumbukumbu si ghala lisilojaa. Inashika idadi fulani, likija jipya la zamani linasukumwa nje. Nimeona relei ambayo swichi moja mbovu ya mlango wa breka ilikuwa inapepesa usiku kucha, kila mpepeso tukio jipya, na asubuhi historia nzima ni mlango, mlango, mlango. Hitilafu yenyewe imeshatupwa nje.

FundiNyaya

Hapo kwenye kufurika nakubali. Lakini kwenye relei nyingi rekodi za hitilafu zinakaa chumba chake, hazichanganywi na matukio madogo.

MzeeWaBreka

Nyingi, ndiyo. Zake je? Wewe umeziona?

BintiWaMingoyo

Wazee wangu mmalize baadaye. Mimi niko upande wa Lindi, kinga ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kaka KijanaWaShangani, FundiNyaya ana haki moja: nenda leo leo, rekodi zako bila shaka bado zipo, na huhitaji kompyuta.

Simama mbele ya relei. Kioo kama kimelala, bonyeza mshale wowote kinaamka. Kile kinachoonekana kwanza kwa kawaida ni mkondo wa kila fezi na volteji. Usipite haraka: angalia kama fezi tatu zinakaribiana. Mshale wa chini au wa kulia unakuingiza kwenye menyu. Majina yanatofautiana, lakini safu ni zile zile: vipimo, matukio, rekodi za hitilafu, setingi, amri, majaribio. Kuzisoma zile tatu za kwanza hakuhitaji nywila na hakuharibu chochote, tembea humo kwa amani kama unatembea sokoni. Setingi nazo unaweza kuzitazama. Relei ikikuomba nywila, umeshatoka kwenye kusoma umeingia kwenye kubadili. Bonyeza C urudi ulikotoka.

Ingia rekodi za hitilafu. Utaiona ya mwisho kabisa kwanza, namba 1. Kumbuka ulirudisha breka kwa mkono, kwa hiyo namba 1 ni hitilafu uliyoiita mwenyewe. Unayoitaka ni ya mwanzo, huenda namba 3. Andika kila kitu: tarehe, saa mpaka nukta za mwisho, kilichokata, mikondo, volteji, kilomita. Piga picha pia, ila kioo hicho kinang'aa, simama kwa ubavu.

KijanaWaShangani

Shikamoo mzee, na asante dada. Nimetoka kituoni sasa hivi. Nimekuta rekodi lakini nadhani si za usiku ule! Tazameni. Kwenye kioo ni Kiingereza cha mkato, nimewageuzia; I ni mkondo, V ni volteji.

Rekodi namba 3: tarehe ya juzi, siku ya Jumanne, 23:14:07. Kilichokata: 51N. Fezi A. IA 612 A, IB 118 A, IC 121 A, IN 527 A. VA 11.2 kV, VB 19.4, VC 19.8. Umbali 23.4 km.

Namba 2: Jumanne 23:14:12, karibu hayo hayo, umbali 23.5. Namba 1: Jumanne 23:21:40, umbali 23.3.

Yangu ilikuwa Jumatano saa nane usiku. Jumanne saa tano usiku nilikuwa sijaingia hata zamu, na kitabu cha zamu cha wenzangu hakina kitu. Halafu orodha ya matukio inasema breka ilifungwa kabla haijakata. Inawezekana relei imechanganyikiwa?

BintiWaMingoyo

Relei iko timamu, kaka. Wewe na yeye mnahesabu saa tofauti, na mmetofautiana mara mbili.

Kwanza saa nane yetu ya usiku, kwa namba za relei ni 02:00, si 08:00 wala 20:00. Hilo unalijua, ila saa nane usiku akili husahau. Kwa hiyo tukio lako kwa saa ya ukutani ni 02:14. Pili, relei yako haikuwekwa saa za Afrika Mashariki. Imewekwa saa ya dunia, ile ya kule Greenwich, na sisi tuko mbele yake saa tatu. 02:14 ukitoa saa tatu unarudi 23:14, na unarudi mpaka siku iliyopita. Ndiyo maana kwake ni Jumanne. Kwako ni usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa bibi yangu hapa Mingoyo ingekuwa Jumatano tangu jua lilipozama. Watu watatu, tukio moja.

Sijui kwa nini wengi huziacha hivyo. Wengine wanafanya makusudi, kama saa inatoka kwenye GPS, ili relei za vituo vyote zilingane. Hilo zuri, mradi liandikwe mahali. Kilicho kibaya ni saa ambayo hakuna anayejua imewekwa vipi.

Na orodha ya matukio isome kutoka chini kwenda juu. Jipya liko juu. Wewe umeanza na mwisho wa hadithi.

KijanaWaShangani

Aisee. Nimeigeuza. Kutoka chini kwenda juu, tarehe ile ile ya relei:

23:14:07.212 hitilafu ya ardhi imeanza kuonekana
23:14:07.742 amri ya kukata
23:14:07.801 breka iko wazi
23:14:12.810 amri ya kujirudisha
23:14:12.895 breka imefungwa
23:14:12.905 hitilafu ya ardhi tena
23:14:13.435 amri ya kukata
23:14:13.495 breka iko wazi
23:14:13.500 kujirudisha kumezuiwa

Kisha ile yangu ya 23:21.

MzeeWaBreka

Marahaba mwanangu. Umeona? Kitu kizima kimekaa mbele yako kama barua.

Tuisome pamoja. Fezi mbili zina 118 na 121, huo ni mzigo wa kawaida wa usiku. Fezi A imeruka mpaka 612 na volteji yake imeshuka kutoka kama 19 mpaka 11.2. Nyingine mbili hazijaguswa. Hiyo ni fezi moja imegusa ardhi. Si waya mbili zilizopigana, si mti ulioangukia zote tatu.

Sasa muda. Kuonekana 07.212, kukata 07.742, ni sekunde 0.53. Je, relei imefanya haki? Tazama setingi, usibadili, tazama tu: ardhi inaanza ngapi, kizidishi cha muda ngapi, mkunjo gani wa mkondo na muda?

KijanaWaShangani

Ardhi inaanza 40 A upande wa laini. Kizidishi 0.2. Mkunjo ni ule wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme.

MzeeWaBreka

Vizuri. 527 gawanya kwa 40 ni mara 13 na kidogo. Kwenye mkunjo ule unachukua 13.2, unaipandisha kwa kipeo cha 0.02, unapata 1.053. Toa 1, inabaki 0.053. Chukua 0.14 gawanya kwa 0.053, ni 2.64. Zidisha kwa 0.2: sekunde 0.53. Imekata pale pale ilipoambiwa. Breka nayo kuanzia amri mpaka kuwa wazi ni milisekunde 59. Breka nzima hiyo, haijachoka.

Kwa hiyo usiku ule kila chombo kilifanya kazi yake. Kilichobaki ni sisi.

FundiNyaya

Mzee kwa hesabu hiyo navua kofia. Nilikuwa sijui kama unaweza kumkagua kwa kalamu tu.

Mgeni_Nachingwea

Samahani nawaingilia. Mnasema breka "imefungwa" umeme ukiwa unapita? Huku kwetu tukisema funga umeme ni kuzima. Na fungulia maji ni kuyaachia.

BintiWaMingoyo

Swali lako ni la hatari kuliko unavyodhani, mwenzangu. Breka ni daraja. Likifungwa, pande mbili zimeshikana, umeme unapita. Likiwa wazi, umekatika. Bomba ni kinyume, mlango ni kinyume. Halafu "kufungiwa umeme" kwa mteja ni kuwekewa umeme mpya nyumbani. Neno moja, kazi tatu.

Nimewahi kusikia kwenye redio mtu akisema "fungua laini" na mwenzake akaelewa "ruhusu laini". Bahati yupo aliyeuliza mara mbili. Tangu hapo sisi hatusemi funga wala fungua peke yake. Tunasema "kata laini" au "rudisha laini", na anayepokea anarudia maneno yote kabla ya kugusa kitufe.

Kwenye paneli ya mbele, kama relei ina vitufe vya breka, kimoja kina alama ya I na kingine O. I ni kurudisha, O ni kukata. Rangi ndizo zinazowachanganya wageni: kwenye paneli nyingi za kwetu taa nyekundu ya breka maana yake imefungwa, umeme unapita. Kijani ni iko wazi. Wanaotoka kwenye kuendesha gari wanaona kijani wanadhani twende.

MtaniWaMsimbati

Kwa hiyo kijani ya relei ni nzuri, kijani ya breka ni giza, nyekundu ya relei ni balaa, nyekundu ya breka ni raha. Mtwara tutafika tumechoka.

BintiWaMingoyo

Ndivyo ilivyo, mtani. Usisome rangi, soma maandishi yaliyo chini yake.

Mgeni_Nachingwea

Na kile kitufe cha L na R?

BintiWaMingoyo

L ni hapa hapa, R ni mbali. Ikiwa R, mtu wa kituo cha kuongozea anaweza kuiamrisha breka kupitia skada, yaani mtambo wa kuongozea kwa mbali, na vitufe vyako vya I na O kwa kawaida havifanyi kitu. Ikiwa L, wewe ndiye mwenye amri. Kosa la kila siku: fundi anaiweka L afanye kazi yake, anaondoka, anaisahau. Usiku mwenzako wa mbali anabofya, breka haisikii, anadhani mawasiliano yamekufa. Kumbuka hata hivyo, L au R, kinga haihusiki. Hitilafu ikija relei itakata tu, haiulizi nani ana amri.

KijanaWaShangani

Mzee, turudi kwenye kilomita. 23.4, 23.5, 23.3. Ni za kuamini?

MzeeWaBreka

Mara tatu inakwambia neno lile lile, hiyo ni dalili njema. Lakini jua inahesabuje. Inachukua volteji ya fezi A, inagawanya kwa mkondo, inapata omu (kipimo cha ukinzani) za kuanzia kituoni mpaka kwenye hitilafu, halafu inazigawanya kwa omu za kilomita moja ilizoandikiwa kwenye setingi. Basi. Haina macho.

Inadanganyika kwa njia tatu ninazozijua kwa kuumia. Moja, hitilafu yenyewe ikiwa na ukinzani, mfano tawi kavu la mkorosho au waya uliolala kwenye mchanga mkavu, namba inapotoka. Mbili, laini ikibadilishwa waya nusu ya njia na hakuna aliyebadili omu kwenye relei. Tatu, ambayo ndiyo ya huku kwetu, laini ya 33 ina matawi kama muhogo. 23.4 inaweza kuwa kwenye shina, inaweza kuwa kwenye tawi lolote linalofika umbali huo. Relei haijui njia panda.

Yako ya mkondo mkubwa hivyo, na volteji imeshuka vizuri, mimi ningesema imegusa chuma chenye waya wa ardhi. Si tawi. Msimu huu wa kiangazi upepo wa bahari umeshaweka chumvi kwenye vikombe vinavyoshikilia waya nguzoni, vumbi limekaa juu yake, umande wa usiku ukishuka vinapitisha. Lakini kikombe cha chumvi mara nyingi hupona baada ya kujirudisha. Hiki hakikupona. Kuna kitu kimepasuka.

Sasa uliza vijana wa laini: walikuta nini, na wapi?

KijanaWaShangani

Nimempigia kiongozi wao. Nasoma nilivyoandika.

Njia panda iko kilomita ya 19. Wao walianza na shina kwa sababu ndilo refu, wakaenda mpaka mwisho, wakarudi, ndipo wakaingia tawini. Kilomita 4 na kidogo ndani ya tawi kuna nguzo ya transfoma. Kizuia radi cha fezi nyekundu kilikuwa kimepasuka, kimebaki kipande kinaning'inia kwenye waya wa ardhi. Wamekitoa, umeme ukarudi.

19 na 4 na kidogo.

Nimekaa dakika nzima naangalia karatasi.

FundiNyaya

Duh.

MzeeWaBreka

Wangepewa sehemu mbili tu za kuangalia: 23 kwenye shina, na 4 ndani ya tawi. Kwa pikipiki, ndani ya saa mbili wamemaliza zote. Saa tatu asubuhi mama ana barafu.

Usiumie sana. Hiyo nayo ni kazi ya wakubwa wako: karatasi ya njia panda na kilomita zake ilipaswa kuwa ukutani, pembeni ya relei. Kama haipo, ichore wewe.

BintiWaMingoyo

Kaka, umeandika "fezi nyekundu" na relei imesema A. Umehakikisha kwamba A yenu ndiyo nyekundu? Safari hii imelingana. Kuna mahali nimekuta A ya relei ni njano ya nguzoni, waya ziligeuzwa zamani na hakuna aliyeandika.

KijanaWaShangani

Nitauliza. Sikuwa nimefikiria hilo.

JamaaWaKilwaRoad

Nawasoma tu toka asubuhi. Swali la haraka: nywila ya relei za aina hiyo ni ipi? Nataka kujifunzia setingi.

MzeeWaBreka

Ya kiwandani iko kwenye kitabu cha kila mtengenezaji, ndiyo maana inatakiwa ibadilishwe siku ya kwanza. Ya kituoni mwulize aliyekupa ajira. Hapa hutaipata, na anayetaka kujifunza setingi anajifunza kwenye relei ya mezani isiyo na laini nyuma yake.

FundiNyaya

Na usisahau kumwambia kuhusu nyuma ya paneli, mzee. Vijana wakishazoea mbele wanapata ujasiri wa kwenda nyuma.

MzeeWaBreka

Kweli. Waya za CT (transfoma ya kupimia mkondo) nyuma ya relei hazifunguliwi laini ikiwa na mzigo. Ukiziachia wazi, CT inapandisha volteji ya kuua papo hapo. Mbele ni pa kusoma. Nyuma pana kibali, na mtu wa pili.

KijanaWaShangani

Wakuu, siku nne zimepita, nimerudi.

Injinia nilimpelekea karatasi: rekodi tatu, matukio yakiwa yamepangwa kutoka chini, hesabu ya 0.53, na mchoro wa njia panda zote kwa kilomita. Aliangalia kimya, akaniuliza nani kanifundisha mkunjo wa IEC. Nikasema wazee wa mtandaoni. Akacheka. Fezi A ni nyekundu kweli, tumehakikisha kwa kupima. Saa ya relei amesema iachwe ya dunia kwa sababu inatoka kwenye GPS, ila ameniruhusu kubandika kijikaratasi: "ongeza saa 3". Mzee alikuwa ameniambia pembeni nisikibandike juu ya taa yoyote, nimekiweka chini ya kioo.

Karatasi nyingine nimeipachika ukutani kwa mkono wangu: taa, picha, rekodi, kitabu cha zamu, simu kwa injinia. C iko ya mwisho, nimeichora na duara.

Mama wa pweza nilimweleza yote, mpaka ya Greenwich. Akasema, "Sasa hiyo mashine ilijua tangu usiku, na ninyi mkazunguka mchana kutwa?" Nikakosa jibu. Kanipimia na cha juu.

Usiku huu niko zamu. Kijani imetulia. Kioo cha relei kinasoma 20:41, saa ya ukutani ni saa sita kasoro dakika kumi na tisa.

MtaniWaMsimbati

Nimehesabu kwa vidole, nimekuta ni sawa. Nakunja mkeka.